Fimbo Haifunzi Kusema

Msomaji kijana, ikiwa makazi yako ni katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, iwe ni Kaloleni au Bahati, Buruburu au Umoja, Kayole au Dandora, yamkini umewahi kupita karibu na shule ya msingi ambayo pembeni mwa ua wake pana darasa moja lililojitenga na mengine. Wanafunzi wake ni wachache, na umri wao haulingani. Mmoja hutikisa mwili mbele na nyuma kama mtu aliye ndani ya mashua. Mwingine hurudia neno moja mara hamsini. Wa tatu huziba masikio kwa viganja vyake pasipo sababu unayoiona wewe. Hilo huitwa darasa maalumu, au kitengo maalumu. Huenda umelitazama kwa huruma. Huenda umelicheka. Yamkini zaidi ni kwamba hukulitazama kabisa, maana jambo tunalodhani halituhusu hatulioni hata likiwa mbele ya macho yetu.

Nimeandika insha hii kukuambia kwamba jambo hili lakuhusu. Nadai mambo mawili. La kwanza ni kwamba mtoto wa darasa maalumu anayepiga kelele, anayetupa daftari, anayejiuma mkono au anayekimbia kutoka darasani, aghalabu hafanyi hivyo kwa ukorofi; anasema jambo ambalo hana njia nyingine ya kulisema. La pili ni kwamba mwenye kumpiga fimbo mtoto huyo hamfunzi lolote ila woga, na kwamba kumchapa ni kosa la ualimu, ni kosa la sheria, na ni kosa la utu. Wako wengi watakaonipinga. Nitawasikiliza, nami nitawajibu.

Nianze kwa kisa kimoja. Nilimjua mtoto wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, ambaye shule yake haikuwa mbali na barabara ya Jogoo. Jina lake na jina la shule nayaacha. Mtoto huyo alikuwa na usonji, ile hali ambayo daktari Leo Kanner aliieleza huko Marekani mwaka 1943, na ambayo humfanya mtu awe na namna yake ya kupokea sauti, mwanga na maneno ya watu. Alijua kuhesabu, na aliweza kupanga vifuniko vya chupa kwa rangi zake bila ya kukosea hata kimoja. Lakini maneno aliyoweza kuyatamka hayakuzidi kumi.

Kila siku, muda mfupi kabla ya mapumziko ya asubuhi, mtoto huyu aliharibikiwa. Alianza kwa kunung'unika, kisha alijiuma kifundo cha mkono, kisha aliisukuma meza ikaanguka. Mwalimu wake, ambaye alikuwa mtu mwema lakini mchovu, alimkaripia, karipio halikufaa. Akachukua fimbo. Siku ya kwanza ya fimbo mtoto alinyamaza. Siku ya pili alilia zaidi. Siku ya tatu alimpiga mwenzake. Hatimaye mama yake aliitwa, akaambiwa amchukue mwanawe nyumbani "mpaka atulie."

Simama kidogo, msomaji, uyapime maneno hayo. Mama huyo aliishi katika chumba kimoja huko Kayole, na riziki yake ilikuwa ni kufua nguo katika nyumba za watu. Asipofua, hali. Alikuwa na njia mbili tu: kukaa na mtoto wakalala njaa wote wawili, au kumfungia mlango na kwenda kibaruani. Alimfungia. Kwa wiki tano mtoto alikaa nyuma ya kufuli, akisikia sauti za watoto wa jirani wakienda shuleni na kurudi. Hiyo ndiyo maana ya "mpaka atulie" katika mitaa yetu. Fimbo ilipokwisha kushindwa, kufuli lilichukua mahali pake.

Aliyelifumbua fumbo hilo hakuwa daktari wala mkaguzi wa elimu. Alikuwa ni mwalimu kijana aliyehamishiwa shuleni hapo, ambaye alikuwa na desturi moja: kuandika. Mtoto aliporudishwa kwa majaribio, mwalimu huyo aliigawa kurasa ya daftari katika safu tatu. Katika safu ya kwanza aliandika jambo lililotangulia. Katika ya pili, alichokifanya mtoto. Katika ya tatu, kile ambacho mtoto alikipata, au alichokiepuka, baada ya kufanya hivyo. Siku nane zilitosha. Kengele ya shule ilikuwa ni kipande cha reli kilichotundikwa mtini, hatua chache tu kutoka dirisha la darasa maalumu, nacho kiligongwa kwa nondo. Kwa watoto wengine mlio ule ulikuwa ni habari njema ya mapumziko. Kwa mtoto yule, ambaye masikio yake hupokea sauti kwa ukali usio wa kawaida, ulikuwa ni kama kupigwa kichwani. Hakujua kusoma saa, lakini alijua kwamba mwanga wa jua ukifika kwenye mguu wa meza yake, pigo lilikuwa karibu. Alichokuwa akikisema kwa meno na kwa meza ni hiki: "Naogopa. Nitoeni hapa."

Kipande cha reli kilihamishwa upande wa pili wa ua. Mtoto alipewa kadi ya katoni iliyochorwa picha ya mlango, akafunzwa kwamba akiiinua ataruhusiwa kwenda kukaa mahali pa kimya kwa dakika tano. Alipoitupa chini, mwalimu alimshika mkono wakaiokota pamoja, wakaiinua pamoja, ndipo wakatoka. Kila alipoiinua mwenyewe, mwalimu alimwambia papo hapo, "Umeomba vizuri." Haukuwa muujiza. Wiki ya kwanza aliitupa kila siku. Wiki ya tatu aliiinua mara mbili. Kufikia mwisho wa muhula, siku ambayo meza ilianguka ilikuwa ni siku ya kushangaza. Usonji wake haukuondoka, wala hapakuwa na haja ya kuuondoa. Alilolipata ni neno ambalo alikuwa akilikosa.

Huenda ukasema kwamba kisa kimoja si ushahidi. Kweli. Basi tukiache kisa, tuitazame kanuni iliyomo ndani yake. Waliochunguza tabia za watoto kwa miaka mingi wameona kwamba kitendo kinachorudiwa kina faida fulani kwa anayekitenda, na kwamba faida hizo, ukizikusanya, huwa ni za aina nne. Mtoto hutaka kukipata kitu, kama vile chakula au mpira. Au hutaka kuangaliwa na watu. Au hutaka kuliepuka jambo lililo gumu, la kuchosha au la kutisha. Au mwili wake wenyewe ndio unaosema: jino linauma, tumbo ni tupu, nguo inawasha, au kelele zimemzidi. Katika mitaa yetu sababu hii ya mwisho si ndogo. Mtoto anayekuja shuleni kwa matatu yenye muziki wa kutetemesha viti, akapita Kamukunji ambako mafundi wa jua kali hugonga mabati tangu asubuhi mpaka jioni, hufika darasani akiwa amekwisha kujaa sauti kama mtungi uliojaa maji. Tone moja tu hutosha kumwaga.

Sasa zichukue sababu hizo nne, uijaribu fimbo katika kila moja. Mtoto anayetaka kitu na hajui kukiomba, ukimchapa, bado hajui kukiomba. Mtoto anayetaka kuangaliwa, ukimsimamisha mbele ya darasa na kumchapa huku macho yote yakimtazama, umempa kile kile alichokitaka, na kesho atakuja kukichukua tena kwa bei ile ile. Mtoto anayekimbia hesabu ngumu, ukimchapa kisha ukamtoa nje, amefaulu: hesabu ameikwepa. Na mtoto ambaye jino linamuuma, ukimchapa, umemwongezea maumivu ya pili juu ya yale ya kwanza. Hakuna hata sababu moja kati ya hizo nne ambayo fimbo huiondoa. Ikionekana kufaulu, hufaulu kama kifuniko cha sufuria inayochemka: mvuke hauonekani kwa muda, lakini moto haujazimwa.

Nakuja kwa wapinzani wangu.

Wa kwanza hunijia na methali. Husema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Methali hiyo naikubali kwa moyo wote. Yasema kwamba mlezi asiogope machozi ya mtoto anapomkataza ubaya. Haisemi kwamba machozi yenyewe ndiyo mafunzo. Mwalimu wa kadi alivumilia vilio vingi kuliko mwalimu wa fimbo, kwa sababu alikuwa akimfunza mtoto jambo jipya, na jambo jipya haliji bila ya taabu. Mpinzani huyo huongeza, "Samaki mkunje angali mbichi." Naam, mkunje! Kukunja ni kazi ya mikono yenye subira. Sijamwona mpishi anayemkunja samaki kwa kumponda na mchi.

Wa pili husema, "Sisi tulichapwa, na leo tu watu wazima wenye heshima." Hoja hii hupendwa sana kwa sababu anayeitoa huwa pia amejisifu. Lakini wale waliochapwa wakaikimbia shule wasirudi hawapo barazani kutoa ushahidi wao, na kwa hiyo hatuwahesabu. Isitoshe, aliyechapwa akijua kosa lake hafanani na mtoto ambaye akili yake haiwezi kuliunganisha pigo la sasa na jambo lililopita dakika kumi nyuma. Kwa mtoto huyo fimbo ni kama mvua ya mawe: huanguka kutoka juu, huuma, na haina maana.

Wa tatu ni mwalimu mwenyewe, na huyu simdharau. Husema, "Nina watoto wengi, kila mmoja na hali yake, mmoja ana kifafa, mwingine hajui kwenda msalani peke yake, sina msaidizi, na wewe waniletea habari za kadi na safu tatu?" Ni kweli kwamba walimu wa madarasa haya hubebeshwa mzigo mkubwa. Lakini hoja hiyo ni hoja ya kudai msaidizi, vifaa na mafunzo. Si hoja ya kushika fimbo. Wala fimbo haiokoi muda. Mtoto wa kisa chetu alichapwa siku baada ya siku, na kila siku kazi ilikuwa ni ile ile. Kengele ilihamishwa kwa alasiri moja, na haikuhitaji kuhamishwa tena. Ratiba ya picha iliyobandikwa ukutani, ikionyesha kwamba baada ya kuhesabu huja uji na baada ya uji huja mchezo, hutengenezwa kwa katoni kuukuu na kalamu ya rangi. Mtoto anayejua litakalofuata hana sababu ya kuliogopa.

Wa nne huuliza swali zito zaidi: "Na yule anayewaumiza wenzake? Tumwache?" La hasha. Asiachwe hata kidogo. Wajibu wa kwanza wa mwalimu ni kuwakinga watoto wote, na mtoto aliyeghadhibika yapasa aondolewe penye hatari, kwa utulivu, bila ya matusi, mpaka moyo wake urudi mahali pake. Nisieleweke vibaya: malezi ninayoyatetea si ulegevu. Darasa zuri lina sheria chache, tatu au nne, zilizochorwa kwa picha, zinazorudiwa kila asubuhi, na zisizobadilika kwa hali ya moyo wa mwalimu. Mtoto aliyemwaga uji kwa makusudi huufuta. Aliyempokonya mwenzake mpira huurudisha na kungoja zamu yake. Hayo ni matokeo yanayofanana na kosa, na mtoto huyaelewa. Pigo la mgongoni halifanani na uji wala mpira; hufanana tu na hasira ya mkubwa.

Wa tano hudhihaki: "Mnawahonga watoto kwa pipi." Hapa pana hatari ya kweli, nami nakiri. Mwalimu anayempa pipi mtoto anayepiga kelele ili anyamaze ameinunua kelele, na soko hilo halitafungwa. Lakini tofautisha hongo na ujira. Hongo hutangulia na kuombwa na mkosaji. Ujira hufuata kazi iliyokwisha kufanywa vyema. Na ujira ulio bora mara nyingi si kitu cha kutafuna. Ni neno, nalo liwe neno lenye kutaja jambo. Kusema "mtoto mzuri" ni kusema karibu na bure, maana mtoto hajui uzuri wake ni upi. Kusema "umengoja zamu yako, ahsante" ni kumwonyesha njia ambayo kesho ataipita tena. Jambo moja zaidi wapaswa kulijua: kelele isiyolipwa tena kwanza huongezeka, kisha hupungua. Mtoto hupaza sauti kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango uliokuwa ukifunguliwa upesi. Wengi hukata tamaa siku hizo za kuongezeka, wakasema njia haifai, wakairudia fimbo wakati ambapo ushindi ulikuwa karibu.

Nimesema kwamba kumchapa mtoto huyu ni kosa la sheria pia. Nchi hii haikuanza jana kuwafikiria watoto wenye ulemavu. Shule ya vipofu ya Thika, chini ya Jeshi la Wokovu, ilianza mwaka 1946. Mwaka 1964, mara tu baada ya uhuru, kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa iliyatazama matunzo na ukarabati wa walemavu. Mwaka 1984 vilianza kuanzishwa vituo vya kuwapima watoto ili kujua mahitaji yao ya elimu, na mwaka 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, ambayo iko Kasarani, hapa hapa Nairobi, kwa ajili ya kuwafunza walimu.

Fimbo nayo ina historia yake katika sheria. Kanuni za nidhamu za mwaka 1972 ziliiruhusu, lakini kwa masharti: ishikwe na mwalimu mkuu, baada ya uchunguzi, si mbele ya wanafunzi wengine, na mapigo yasizidi sita. Masharti hayo yalivunjwa kila siku, kila mtu akijua, na mwaka 2001 ruhusa yenyewe ilifutwa kwa Tangazo la Kisheria nambari 56. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, yamkinga kila mtu na adhabu ya viboko; katika kifungu cha 54 yasema kwamba mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, na aitwe kwa namna isiyomdhalilisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, sehemu ya 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa kwa namna yoyote, mwilini au rohoni, na mwenye kuivunja aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili.

Hata hivyo, kila ghasia zinapotokea shuleni, kama vile mabweni yalipoteketezwa mwaka 2021, sauti husikika zikitaka fimbo irudishwe. Wanaosema hivyo huwafikiria wavulana wakubwa wa shule za bweni. Hawamfikirii mtoto wa miaka tisa asiyeweza kusema "masikio yananiuma." Lakini fimbo haina macho ya kuchagua. Ikifunguliwa mlango wa shule, itaingia madarasa yote, na itamwangukia zaidi yule asiyeweza kwenda kushtaki.

Sasa, msomaji, nakugeukia wewe. Mpaka hapa huenda umekuwa ukiitikia kwa kichwa, ukiwalaumu walimu na wakubwa. Je, wewe umekuwa upande gani wa ua? Darasa maalumu aghalabu huwa ndani ya shule ile ile ya watoto wengine. Wakati wa mapumziko watoto wote huwa uwanja mmoja. Ni nani aliyembandika mtoto yule jina la mzaha ambalo sasa mtaa mzima unamwita? Ni nani aliyegundua kwamba akichokozwa kidogo hurusha mikono na kupiga mayowe, akawaita wenzake waje kutazama mchezo huo? Hakuwa mwalimu mkuu. Alikuwa mwanafunzi kama wewe. Pengine alikuwa wewe, miaka michache iliyopita.

Tumeona kwamba mtoto aweza kutenda jambo ili aangaliwe. Basi kicheko chako ni ujira. Mtoto anayevua shati uwanjani na kulizungusha juu, akiona watoto mia moja wanacheka, amelipwa mara mia moja. Kisha mwalimu mmoja atapewa kazi ya kuyafuta malipo hayo yote, na akishindwa tutasema mtoto hafunziki. Na jina la mzaha ni fimbo isiyoacha alama. Linampiga mtoto huko njiani ambako hakuna sheria inayomfuata mpigaji, nalo linampiga mama yake anapokwenda kuchota maji. Wazee wetu waliliona hili kabla ya katiba yoyote, wakasema, "Hujafa hujaumbika." Maana yake ni kwamba umbo lako halijamalizika maadamu u hai. Ajali moja barabarani, homa moja ya ubongo, na wewe waweza kuwa mwanafunzi wa darasa lile unalolicheka.

Nakuomba mambo matatu, nayo hayahitaji fedha. Kwanza, mwite mtoto yule kwa jina alilopewa na wazazi wake, na anayemwita jina jingine usimcheke. Pili, akiharibikiwa mbele yako, usimzunguke wala usimkodolee macho. Mpe nafasi, punguza kelele, ukamwite mtu anayemjua. Lakini akifanya jema, akikusalimu, akingoja zamu yake, akikurudishia mpira, hapo ndipo umtazame na umwambie kwamba umeliona. Tatu, ukijua kwamba katika ploti yenu pana mtoto aliyefungiwa ndani mchana kutwa, usinyamaze ati ni siri ya watu. Mwambie mwalimu unayemwamini, au mzee wa mtaa, kwamba viko vituo vya kuwapima watoto kama huyo na kuwatafutia shule. Usiende kwa mama yake na lawama. Huenda amekwisha kulaumiwa na kila mtu. Mwambie kwamba njia ipo.

Miaka si mingi, baadhi yenu mtakaosoma kurasa hizi mtakuwa walimu. Wengine mtakuwa wauguzi, makondakta, mahakimu, na wazazi. Mtawakuta watoto hawa mahali pote. Siku moja mmoja wao atapiga kelele mbele yako ukiwa umechoka, na mkono wako utataka kuinuka. Siku hiyo nakuomba ujiulize lile swali la safu ya kwanza: ni jambo gani lililotangulia? Tazama dirishani. Tega sikio. Pengine ni kengele tu, na pengine yaweza kuhamishwa.